Mustang Kwenye Ngolo za Mama Tadea

Ndugu yangu Sixbert ana gari ambalo halijawahi kubeba gunia hata moja. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu huku kwetu Matiri gari hupimwa kwa magunia. Ukimwambia mtu umenunua gari, atakuuliza linabeba gunia ngapi, kisha atakuuliza kama linapanda mlima likiwa limebeba, na baada ya hapo ndipo atakupa hongera au pole. Sixbert hakusubiri kuulizwa. Alianza kujieleza siku ileile gari lilipofika, na hadi leo hajamaliza.

Mimi ni Antoni, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Baba yangu na baba yake ni mtu na mdogo wake, kwa hiyo kwetu sisi ni ndugu tu, na mama yake, Tadea, ni mama yangu mdogo. Nilimfundisha Sixbert hesabu darasa la tano na la sita. Wapo wanaosema nina ulimi mkali. Ni kweli ninao, na umenolewa na miaka thelathini na mitatu ya kusahihisha madaftari ya watu kama Sixbert.

Baba yake alifariki Sixbert akiwa darasa la nne. Mama Tadea akabaki na watoto wanne na kipande cha mteremko kwenye ntambo wetu, yaani mlima wa ukoo, ulio katikati ya vijito viwili. Kahawa alikuwa nayo kidogo, karibu na nyumba. Chakula kilitoka mteremkoni, kwenye ngolo.

Kwa asiyetujua nieleze. Sisi Wamatengo tunalima mahali ambapo hata mbuzi hufikiri kwanza. Mwezi wa tatu mwanaume hufyeka majani na kuyalaza chini kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko wote unakuwa miraba. Mwanamke huja na jembe, akachimba katikati ya kila mraba, na kwa udongo anaoutoa anayafukia yale majani. Kinachobaki ni shimo lenye kuta nene, na ndani ya kuta majani yanaoza. Juu ya kuta tunapanda maharage, na mvua za mwisho wa mwaka zikianza tunapanda mahindi. Shimo hilo ndilo ngolo. Mvua ikinyesha, maji yanaingia humo na kuzama polepole, hayapati nafasi ya kukimbia. Mwanaume hufyeka, mwanamke huchimba. Likumbuke hilo, maana ndipo tulipoharibu.

Mama Tadea amechimba ngolo za mteremko ule tangu alipoolewa, na sasa ana miaka sabini na moja. Aliwalisha watoto wake wote kwa mashimo hayo. Hajawahi kubisha mlango wa mtu kuomba unga. Akila ugali ni wake, akila maharage ni yake, na akija kukusalimia haji mikono mitupu. Watoto wake wakimwambia apumzike wamnunulie mahindi sokoni, anawatazama kana kwamba wametukana mbele ya padri. Kwake kula cha kuomba ndiyo mwisho wa mtu.

Sixbert yeye hakuupenda mlima. Alimaliza darasa la saba, akaenda Mbinga mjini kuwa utingo wa lori la kahawa, akajifunza kuendesha, akaendesha malori ya watu miaka kumi na tano, na hatimaye akanunua Fuso lake mwenyewe, la mtumba. Hapo nampa haki yake. Fuso lile lilibeba kahawa yetu, mahindi yetu, mabati ya zahanati, kwaya ya parokia na maiti zetu kutoka hospitali. Lilikuwa linalala uwanjani kwangu, kwa sababu nyumba yangu iko chini kabisa, pembeni ya barabara, na kutoka kwangu kwenda kwake juu kulikuwa na njia ya miguu tu kati ya ngolo za mama yake. Miaka yote hiyo hakuona aibu kuliacha kwangu. Alikuwa mtu wa maana, na mimi nilikuwa najivunia kuwa nilimfundisha kujumlisha.

Kilichomharibu ni lami. Barabara ya kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay ilipowekwa lami, kona zote zile mpaka unaliona ziwa, Sixbert alishuka nayo mara moja na Fuso akarudi amebadilika. Akasema barabara ile inadai gari lake. Nilidhani anasema Fuso jipya, kumbe anasema Mustang.

Somo la Mustang nimelisikia mara nyingi kuliko Injili ya Noeli. Alikuwa analisoma kwenye simu, kisha anakuja kunisomesha mimi, akiwa amesimama mlangoni kwangu na mikono imejaa maelezo. Gari hilo, alisema, lilizinduliwa Amerika mwezi wa nne mwaka 1964. Lilitengenezwa kwa ajili ya vijana waliotaka gari la mbio lakini hawakuwa na fedha za matajiri. Boneti ndefu, mkia mfupi, milango miwili, na mbele farasi anakimbia.

"Mwaka wa kwanza tu, Mwalimu, waliuza zaidi ya laki nne!"

Nikamwuliza ndani yake kulikuwa na nini. Akasitasita, maana na hilo alikuwa amelisoma. Chini ya bati lile zuri, vipuri vingi vilitoka kwenye gari la kawaida la familia la kiwanda hichohicho, Falcon, gari la kwenda sokoni na kupeleka watoto shule. Nilicheka mpaka nikakohoa. Watu laki nne walinunua gari la sokoni kwa sababu limechorwa farasi, na nchi yao hiyo ndiyo inayopeleka watu mwezini.

Hakukasirika. Wapenzi wa gari hilo hawakasiriki, wanaendelea tu. Akaniambia kwamba miaka ya sabini mafuta yalipopanda bei duniani walilipunguza likawa dogo, watu wakalinunua, na baadaye wakalilaumu. Akaniambia kwamba kwa miaka hamsini lilitoka kiwandani na usukani wa kushoto, na kwamba toleo la 2015 ndilo la kwanza ambalo kiwanda chenyewe kililiunda na usukani wa kulia, wakaanza kuliuza Uingereza. Hapo ndipo alipokuwa anaelekea muda wote. Waingereza walionunua miaka ile sasa wanayauza, na mtumba wa Mwingereza unafika Dar es Salaam kwa meli ukiwa na usukani upande unaotufaa.

"Ni kama limetengenezwa kwa ajili yetu," akasema.

Nikamwambia nchi yetu ina Matiri pia, yenye vumbi na mawe, si lami ya Mbamba Bay tu. Hakusikia.

Akaliuza Fuso kwa Wilfred, mfanyabiashara wa mahindi wa Mbinga mjini. Nilipomwuliza atakula nini, alisema atalikodisha Mustang kwa maharusi na kwa watu wanaotaka kupiga picha. Akaenda Dar es Salaam. Aliyemuuzia huko alimwambia gari lilikuwa la daktari mmoja mstaafu wa Uingereza, mzee aliyelitoa nje siku za jua tu. Nikamwuliza Sixbert kama amewahi kusikia gari la mtumba lililokuwa la jambazi. Magari yote ya mtumba yalikuwa ya madaktari na wajane wacha Mungu. Sijui majambazi wa Ulaya wanatembea kwa miguu.

Lilifika mwezi wa nane. Rangi ya chungwa, namba E, yaani usajili mpya kabisa, limelala chini kiasi kwamba kuku aliyepita chini yake aliinamisha kichwa. Mjini Mbinga alilipitisha barabara kuu mara tatu ili watu waone, kisha akaingia barabara ya vumbi ya kuja huku. Safari ambayo Fuso lilikuwa linaimaliza kabla chai haijapoa ilimchukua tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kila penye tuta au jiwe alisimama. Mke wake, Eliza, aliyekuwa amevaa kitenge kipya cha kupandia gari jipya, aliteremka na kutembea mbele akiokota mawe. Alitembea hivyo karibu nusu ya njia. Alipofika kwangu kitenge kilikuwa na vumbi hadi kiunoni, akaomba maji, akanywa vikombe viwili. Mumewe alikuwa ndani ya gari anapulizwa na kiyoyozi.

Gari likalala kwangu, palepale lilipokuwa linalala Fuso. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Watu waliokuja kulitazama walinipa hongera mimi. "Mwalimu, kumbe kiinua mgongo kilikuwa kizuri!" Waliokuwa wanajua ukweli walifanya makusudi. Sixbert alikuwa anashuka mlima kila siku kwa miguu, ameshika ufunguo, anakuta wanafunzi wangu wa zamani, sasa watu wazima, wanapiga picha na mimi. Alivumilia wiki tatu. Wiki ya nne akaitisha sengu.

Sengu ni kikao chetu cha ukoo. Kila nyumba hupika, chakula hupelekwa kwa mkubwa wa ukoo, wanaume hula pamoja ndani, na mambo husemwa watu wakishashiba, ili asiwepo wa kusema kwa hasira ya njaa. Wanawake hukaa upande wa jikoni. Mkubwa wetu ni Babu Ildefonsi. Watu wa mbali wakisikia mkubwa wa ukoo hudhani ni mtu wa busara. Babu Ildefonsi ana meno mawili na anapenda nyama, na kwa hiyo anapenda mtu anayejua kuichemsha. Sixbert alileta mbuzi mzima aliyechemshwa tangu alfajiri.

Tulikula. Hata mimi nilikula, tena nilichagua. Tulipokuwa bado tunatafuna, Sixbert akaomba barabara. Alitaka kipande cha mteremko kutoka kwangu hadi nyumbani kwake, upana wa gari na nusu, mashimo yafukiwe, udongo ushindiliwe. Alisema ni kipande kidogo tu. Alisema mlima mzima una ngolo, ukipunguza mstari mmoja hakuna atakayeona.

Babu Ildefonsi akauliza, "Na mimi nitapanda?"

"Siti ya mbele, Babu."

Babu akarudi kwenye nyama. Wengine wakanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma, na nimefundisha jiografia, na kila mwaka nilichora ubaoni maji yanavyoteremka mlimani na kubeba udongo. Nilikuwa najua kila kitu ambacho mtu alihitaji kujua siku ile. Sixbert naye alijua kwamba najua. Akanigeukia.

"Mwalimu, harusi ya Lidia ni Januari. Mustang ndiyo itakayomtoa nyumbani kwako mpaka kanisani. Bure kabisa."

Lidia ni binti yangu wa mwisho. Alikuwa anaolewa na kijana wa Lipingo, kule ziwani, na wakwe hao walipokuja kwa posa walikuwa wametaja boti yao ya injini mara nne. Mara ya kwanza nilisifu. Mara ya nne nilikuwa nimechoka. Nikawaona wanafika kwangu Januari, wanateremka kwenye basi, wanamkuta bibi harusi ndani ya gari la Amerika la rangi ya chungwa. Niliwaona wazi kabisa. Nikasema, "Sioni ubaya." Ndivyo nilivyosema, mbele ya ndugu zangu kumi na mmoja, na mdomo una nyama.

Tulikuwa wanaume kumi na mbili, tukagawa mashimo ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuchimba.

Nikatumwa kumpa habari mama mdogo. Nilimkuta jikoni anasugua sufuria.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, Antoni. Mmeshiba?"

"Tumeshiba."

"Basi."

Nilidhani ameshatusikia toka jikoni na kukubali, nikataka kuondoka. Akaniuliza barabara itapita mstari gani. Nikamwonyesha kwa mkono. Akatazama mlima, akaacha kusugua.

"Hapo ndipo maji yanapotaka kupita," akasema. "Nimeyazuia hapo miaka hamsini."

"Sixbert atachimba mtaro pembeni, mama mdogo."

"Sixbert hajui maji. Anajua petroli."

Nikacheka, maana lilikuwa neno zuri, la aina ninayoipenda. Yeye hakucheka. Akarudi kwenye sufuria yake.

Kazi ya kufukia ilichukua wiki mbili, mwezi wa kumi, udongo ukiwa mkavu. Vijana wa ukoo walikuja na majembe na nyimbo. Mtaro wa pembeni ulichimbwa hatua kama ishirini hivi, kisha pombe ikaletwa, na habari ya mtaro ikaishia hapo. Siku ya gari kupanda, Babu Ildefonsi alikaa siti ya mbele kama alivyoahidiwa. Siti za nyuma, ambazo kwa maelezo ya kiwanda ni za watu wawili, zilibeba kuku wawili waliofungwa miguu, na hata hao walilalamika. Gari lilipanda likinguruma, watu wakapiga vigelegele, na lilipofika juu Babu alishindwa kutoka. Ilibidi avutwe mikono na wanaume wawili huku wa tatu akimsukuma mgongo. Akasema ni gari zuri sana ila limefanana na kaburi.

Kwa miezi miwili Sixbert alikuwa mfalme. Alishuka, akapanda, akaenda Mbamba Bay kutazama ziwa, akarudi. Maharusi waliokodi walikuwa wawili. Mama Tadea alikuwa anapanda mahindi kwenye ngolo zilizobaki, kulia na kushoto kwa barabara, na kila gari lilipopita alisimama, akalipisha, akainama tena.

Mvua kubwa ilikuja Januari, Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi. Ilianza saa nne asubuhi. Kufikia saa sita nilikuwa nimesimama dirishani kwangu naangalia somo langu la jiografia likiteremka mlimani kuja kwangu. Maji yaliipata barabara na kuipenda. Yalikuwa yamezoea kuzuiwa kila hatua mbili, sasa yakapewa njia nyoofu, yakaitumia. Kisha yakaanza kula kuta za pembeni. Ngolo hushikana, moja ikivunjika inaimwagia ya chini yake, nayo inavunjika. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Yalilala yote upande mmoja, kisha yakafukiwa, kisha mengine yakafika kwangu pamoja na udongo mweusi wa miaka hamsini, yakajaza kitalu changu cha miche ya kahawa.

Nikatoka na mwavuli wangu. Mama Tadea alikuwa katikati ya maji, jembe mkononi, anajaribu kuyageuza. Mwanamke wa miaka sabini, nguo zimemganda mwilini, anapiga udongo hapa, maji yanapita pale. Nikamtafuta Sixbert. Alikuwa juu, anaweka mawe nyuma ya matairi ya Mustang ili lisiteleze. Nalisema kama nilivyoliona. Nilimchukia siku ile kwa moyo wangu wote, na ilinisaidia, maana kwa muda mfupi sikuwa na haja ya kujikumbuka mimi.

Barabara ikawa korongo la kufika kiunoni. Gari likabaki juu. Jumamosi Lidia alikwenda kanisani kwa Fuso la Wilfred, ndiyo, Fuso lilelile, amekaa mbele kati ya dereva na mama yake, kwaya nyuma inaimba. Wakwe wa Lipingo walikuwa wapole kupita kiasi. Hawakutaja boti hata mara moja, na hilo liliniuma kuliko kama wangeitaja.

Lakini harusi ilipita. Kilichobaki ni hiki. Mwezi wa pili, mchana, nikiwa nasoma gazeti la zamani, nilisikia mtu anabisha hodi. Alikuwa mama mdogo. Alikuwa na kikapu, na kwa mazoea nikanyoosha mikono kukipokea. Kilikuwa kitupu.

"Antoni," akasema, "naomba unga wa siku mbili."

Alisema akitazama ukuta. Hakunilaumu wala hakumtaja Sixbert. Sixbert alikuwa amempelekea unga wa sokoni, akaukataa, na sasa mahindi ya ghalani mwake, yaliyobaki baada ya mengine kuoza kwa mvua ile, yalikuwa yamekwisha, akaja kwa yule aliyesema "sioni ubaya". Nilimjazia kikapu mpaka juu. Akapunguza, akabakiza wa siku mbili. Alipoondoka nilikaa jikoni kwangu mwenyewe nikalia, mtu mzima, mwalimu wa jiografia.

Mwezi wa tatu ulipofika, msimu wa kuchimba, Mama Tadea alishuka na jembe hadi mwisho wa chini wa barabara, karibu na nyumba yangu, na Eliza nyuma yake, na wanawake sita wa ukoo. Akaonyesha katikati ya lile korongo. Sixbert alikuja mbio kutoka juu.

"Mama, hapo ni barabara!"

"Najua," akasema mama yake. "Majani yako wapi?"

Desturi ni kwamba mwanamke hachimbi mpaka mwanaume afyeke na kulaza majani. Sixbert alisimama mikono mitupu. Eliza, yule aliyeokota mawe mbele ya gari, alimtazama mumewe, halafu akanitazama mimi. Nikaingia ndani nikachukua nyengo yangu ya kufyekea, ambayo ilikuwa na kutu tangu nistaafu, na ndugu zangu wengine walipoona wakaleta za kwao. Tulifyeka siku nne. Wanawake walichimba wiki tatu, kutoka chini hadi juu, na ngolo ya mwisho ilifika hatua tatu kutoka kwenye bampa ya Mustang. Mvua za mwisho za Aprili zilipokuja, maji yalikaa kwenye mashimo yake.

Julai maharage yalivunwa. Mwezi huohuo akaja mteja kutoka Songea, kijana aliyeona picha ya gari kwenye simu, maana Sixbert alikuwa amekubali kuliuza. Kijana alipanda kwa miguu, akalizunguka Mustang, akafuta kinyesi cha kuku kwenye boneti, na macho yake yakawa yaleyale niliyoyaona kwa Sixbert miaka ile ya simu. Akaanza, "Mzee, unajua gari hili mwaka 1964..." Nikamwambia najua. Akauliza linashukaje.

Sixbert akaitisha sengu tena. Safari hii hakuwa na mbuzi. Kila nyumba ilileta ilichonacho, na kwa Mama Tadea lilitoka beseni la maharage mapya, mekundu, yaliyopikwa na karanga. Tulikula yale kuliko kitu kingine chochote. Sixbert alirudia mara mbili. Babu Ildefonsi hakuhitaji meno. Mteja wa Songea, aliyekaribishwa kama mgeni, alisifu kwa sauti.

Tulipomaliza, Sixbert akasema neno lake. Maharage yameshavunwa, mashimo ni matupu, tufukie mstari mmoja kwa siku mbili tu, gari lishuke, mambo yaishe.

Mlango ukafunguliwa. Mama Tadea akaingia. Mwanamke haingii kwenye sengu wanaume wakiwa wamekaa, na sikuwahi kuona ikifanyika. Aliinama akachukua beseni tupu, akalishika mbele yake.

"Maharage mliyokula yametoka barabarani," akasema. "Mwezi wa kumi na moja mahindi yanaingia palepale. Sasa semeni."

Hakutoka. Alisimama tu na beseni lake. Nilijua wote watanitazama, na walinitazama, na safari hii mdomo wangu ulikuwa mtupu.

"Lisishuke," nikasema.

Mmoja mmoja wakasema vilevile, hadi Babu Ildefonsi, ambaye alilisema huku akichungulia kama beseni kweli limekwisha. Akabaki Sixbert. Alikuwa anaangalia sahani yake, ambayo alikuwa ameifuta kwa kidole hadi inang'aa.

"Sixbert," mama yake akamwita. "Umeshiba?"

Aliisogeza sahani kwa mama yake.

"Nimeshiba, mama."

"Basi," akasema Mama Tadea, akaanza kukusanya sahani.